Kundi Lisilo na Kiongozi: Uigaji wa Kompyuta na Mwendo wa Mifugo katika Njia ya Nadapal

Utangulizi

Barabara itokayo Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi hupita Kakuma na Lokichoggio kabla ya kufika Nadapal, mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini. Msafiri wa njia hiyo huzoea kusubiri. Kundi la mbuzi na kondoo hufika kando ya barabara, mbuzi wa mbele husita, wa nyuma hujazana wakagusana pembe; kisha mmoja huvuka na wote humiminika nyuma yake, hata honi ya lori isiweze kuwazuia. Abiria akiulizwa ni nani aliyeamua kwamba kundi livuke, huenda akamwonyesha mvulana mwenye fimbo. Mvulana huyo yuko nyuma kabisa, na pengine kundi lilikwisha kuamua kabla yeye hajaifikia barabara.

Makala haya yanachunguza swali hilo la nani huamua, kwa kuzingatia namna kompyuta inavyotumiwa kuiga mwendo wa makundi ya wanyama. Huenda ikaulizwa mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na programu za kompyuta. Ana shughuli kubwa. Programu ya kuiga kundi hufanya kazi ifanywayo na ngano: huchagua tabia mbili tatu za mnyama, huziacha nyingine zote, kisha humwomba mtazamaji akubali kwamba huyu ndiye mnyama mwenyewe. Sungura wa ngano ni ujanja mtupu, na fisi ni ulafi mtupu. Mhakiki wa fasihi amezoezwa kuuliza ni kitu gani kilichoachwa nje ya hadithi na kwa nini. Katika nchi kavu iliyo kati ya Kakuma na Nadapal, kilichoachwa nje chaweza kuwa uhai wa mtu.

Kuiga na kuigiza

Kabla ya kuendelea, ni vyema istilahi iwekwe sawa. Kitenzi -iga kimezaa nomino kadhaa: mwigo, uigaji, na kupitia -igiza, uigizaji na maigizo. Makala haya yanatumia “uigaji” kwa kazi ya kompyuta na kuacha “uigizaji” kwa jukwaa, lakini undugu wa maneno haya usipuuzwe. Mwandishi wa tamthilia humpa kila mhusika maneno yake na mahali pa kusimama. Katika uigaji unaozungumziwa hapa, mtunzi hampi mhusika yeyote maneno wala njia. Huwapa wote amri zile zile chache, huwaachia jukwaa, kisha hukaa kutazama mchezo ambao yeye mwenyewe hajui utaishaje.

Amri tatu

Mtu aliyeanzisha mchezo huo ni Craig Reynolds wa Marekani. Mwaka 1986 alitunga programu ya viumbe wa skrini aliowaita “boidi”, yaani vitu mfano wa ndege, na mwaka 1987 aliieleza kazi hiyo katika mkutano wa wataalamu wa michoro ya kompyuta. Kabla yake, mchoraji aliyetaka kuonyesha ndege mia moja angani alilazimika kumpangia kila ndege njia yake, na kuhakikisha kwamba hawagongani. Reynolds aliachana na njia. Kila boidi alipewa amri tatu, ambazo kwa lugha ya malishoni zaweza kuelezwa hivi. Ya kwanza: usimsonge jirani. Ya pili: elekea waelekeako majirani. Ya tatu: usiachwe nyuma, sogea waliko wenzako.

Jambo la kuzingatia ni neno “jirani”. Boidi haoni kundi zima. Anaona wale tu walio ndani ya umbali fulani uliowekwa na mtunga programu, na walio nje ya umbali huo kwake hawapo. Kila hatua, kompyuta hupiga hesabu ya amri tatu kwa kila mmoja, huzijumlisha, humgeuza kidogo, humsogeza kidogo, kisha huanza upya. Katika kanuni hizo hapana “kiongozi”, na hapana hata neno “kundi”. Hata hivyo kundi huonekana kwenye skrini, likipinda, likigawanyika penye kizuizi na kuungana tena upande wa pili, mithili ya kwelea kwelea juu ya shamba la mtama.

Mfano wa amri ya pili waweza kufanywa kwa penseli na karatasi. Chukua mbuzi wanne wanaoonana. Mmoja ameelekea digrii 10 kutoka kaskazini kwenda mashariki, wa pili digrii 20, wa tatu digrii 60, na wa nne digrii 90, yaani mashariki kamili. Kila hatua, kila mbuzi atazame wastani wa mielekeo ya wale wengine watatu, kisha ageuke kuelekea huko kwa digrii zisizozidi 5. Mbuzi wa nne ataona wastani wa digrii 30, naye atarudi hadi 85. Wa kwanza ataona wastani wa karibu digrii 57, naye atasogea hadi 15. Zoezi likirudiwa mara nane au tisa, wote wanne watakuwa wanaelekea upande mmoja, mahali fulani kati ya digrii 40 na 50. Tazama tena namba za mwanzo: hapana hata mmoja wao aliyekuwa akielekea huko. Mwelekeo wa kundi umezaliwa kati yao, na ukimtafuta aliyeuleta hutampata. Anayependa kuona mamia badala ya wanne anaweza kutumia NetLogo, programu isiyolipiwa iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, ambayo ndani yake mna mfano wa kundi la ndege ulio tayari.

Watu wengi waliona matunda ya fikra hii bila kujua. Popo wa filamu ya Batman Returns (1992) waliruka kwa amri za aina hiyo, na nyumbu wanaomiminika korongoni katika The Lion King (1994) walitengenezwa kwa kompyuta ili waweze kukimbia kwa mamia bila kupitiana mwilini. Wanafunzi wa Kiswahili huikumbuka filamu ile kwa majina yake, Simba na Rafiki na Pumbaa, nao hubishana kama lugha iliheshimiwa au ilichezewa. Ubishi huo ni halali. Lakini nyumbu, ambao hawakupewa hata jina moja la Kiswahili, ndio waliobeba jambo jipya katika filamu ile. Nyumbu halisi wa Serengeti walikuwa wamekwisha kuchunguzwa: mwaka 1993 Shay Gueron na Simon Levin walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba mstari wa mbele wa nyumbu wengi, uonekanao kutoka angani ukipindapinda kama wimbi, waweza kutokea kwa sababu tu kila mnyama hurekebisha mwendo wake kwa kuwatazama walio ubavuni mwake.

Nani hutangulia?

Uigaji wa Reynolds ulikuwa kazi ya mchoraji. Alitaka kundi lionekane kama kundi, nalo likaonekana. Ikiwa wanyama wenyewe hufuata amri hizo ni swali jingine, na jibu lake lilihitaji kwenda nyikani. Hapa Kenya ina nafasi yake. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, watafiti waliwafunga nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye vyombo vya kupokea mahali kutoka kwenye satelaiti, vilivyoandika nafasi ya kila nyani sekunde kwa sekunde. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 na Ariana Strandburg-Peshkin na wenzake. Nyani ni wanyama wa vyeo. Dume mkubwa hula kwanza na hupishwa njia. Ilitarajiwa basi kwamba yeye ndiye angeamua kundi liende wapi.

Haikuwa hivyo. Nyani yeyote aliweza kuanza safari, na kama alifuatwa au hakufuatwa haikutegemea cheo chake. Wawili wakianza kuelekea pande mbili tofauti, waliobaki walifanya moja kati ya mambo mawili. Pembe kati ya pande hizo ikiwa ndogo, chini ya digrii 90 hivi, walipita katikati. Pembe ikiwa kubwa, walichagua upande mmoja, na mara nyingi ulikuwa ule wenye nyani wengi zaidi. Kiswahili kilikwisha kuwa na methali ya tukio hili: wengi wape, usipowapa watajipa. Wenye mazoea ya kutumia methali ya mafahali wawili na zizi moja kama ushahidi wa kimaumbile kwamba kila kundi lahitaji bwana mmoja watalazimika kutafuta ushahidi mwingine.

Lakini mbuzi si nyani, na hapa ndipo mtu anapopaswa kuwa mwangalifu na methali. Watafiti waliowafuata mbuzi wanaojilisha wenyewe nchini Namibia, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021, walitazama kama mbuzi hupiga kura kabla ya kuondoka, yaani kama namna walivyoelekea wakiwa wamesimama ilitabiri upande watakaouendea. Haikutabiri. Mbuzi waliondoka, na katika kuondoka wakaigana hadi wote wakawa na mwelekeo mmoja. Hapana baraza, hapana kura. Kuna kuiga tu. Kwa mbuzi wa Namibia, basi, “wengi wape” haisaidii, ilhali mbuzi wanne wa karatasi wa sehemu iliyotangulia wanakaribia sana ukweli. Kuhusu kondoo, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vikundi vidogo huenda kwa vipindi: husimama kula, kisha mmoja hutoka na wengine hupanga msururu nyuma yake, kipindi kifuatacho mwingine hutangulia. Uongozi upo, lakini ni wa zamu, na hauna mwenyewe. Wahenga waliposema kutangulia si kufika hawakuwa wakiwafikiria kondoo, ila kondoo wangewaelewa.

Jambo moja zaidi linahitajika kabla ya kurudi Turkana. Mwaka 2005 Iain Couzin na wenzake walionyesha kwa uigaji kwamba wachache wenye habari, kwa mfano wanaojua maji yaliko, wanaweza kulipeleka kundi zima huko bila kutoa ishara yoyote na bila wengine kutambua kwamba hao wanajua. Tena kadiri kundi linavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu ya wanaojua inavyoweza kuwa ndogo. Mbuzi jike mzee anayekikumbuka kisima cha mchangani hana haja ya kutangaza. Yeye huenda tu, na amri ya pili na ya tatu hufanya kazi iliyobaki.

Nzige, au fundisho la kusahihishwa

Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na mwaka 2020 mawingu yao yalitanda kaunti za kaskazini, Turkana ikiwemo. Kwa Kenya ulikuwa uvamizi mbaya zaidi kwa muda wa miaka 70. Wafugaji waliokuwa wakitegemea majani ya miti kwa mbuzi na ngamia waliona matawi yakibaki matupu.

Nzige ndio waliokuwa fahari ya waigaji. Mwaka 1995 mwanafizikia Tamás Vicsek wa Hungaria na wenzake walitoa uigaji mwepesi kuliko wa Reynolds: amri ni moja tu, kuelekea wastani wa majirani, pamoja na kosa dogo la bahati nasibu. Vitu vikiwa vichache kila kimoja hukwenda kwake. Vikisongamana kupita kiwango fulani, ghafla vyote hushika njia moja. Mwaka 2006 Jerome Buhl na wenzake waliweka tunutu katika uwanja wa mviringo na kuona jambo hilo hilo. Walipokuwa wachache walizagaa. Walipoongezwa, walianza kutembea kwa mfululizo upande mmoja kama askari. Hesabu ya fizikia na mdudu halisi walikubaliana, na mfano huo ukafundishwa vyuoni kila mahali.

Kisha mwaka 2025 Sercan Sayin na wenzake, Couzin akiwemo, wakachapisha uchunguzi uliohusisha kazi ya uwandani waliyoifanya Kenya wakati wa uvamizi wa 2020 na majaribio ambamo mdudu aliwekwa mbele ya nzige wa picha. Waliona kwamba tunutu hasawazishi mwelekeo wake na wa majirani kwa namna ambayo uigaji wa zamani ulidai, wala msongamano peke yake hauelezi mwendo. Mdudu hutazama, na anachokiona humfanya achague pa kwenda. Kwa maneno mengine, picha ya skrini ilikuwa imefanana na uwanja kwa miaka mingi huku sababu zilizo ndani yake zikiwa si zenyewe. Wanaosoma fasihi hawatashangaa. Kila mhakiki amekutana na mhusika anayefanya yale yale ambayo mtu halisi angefanya, kwa sababu ambazo hapana mtu halisi angekuwa nazo.

Kuchunga, kuswaga, kuongoza

Kufikia hapa mvulana mwenye fimbo ameachwa nyuma muda mrefu. Kiswahili kina vitenzi vitatu kwa kazi yake, na wasomaji wengi huvichanganya. Kuongoza ni kwenda mbele ukafuatwa. Kuswaga ni kuwapeleka wanyama mbele yako ukiwa nyuma. Kuchunga ni kubwa kuliko vyote viwili, kwa maana ni kulisha, kulinda, kuhesabu na kurudisha nyumbani, na ndiyo sababu neno hilo liliweza kuingia kanisani.

Uigaji umejaribu kitenzi cha pili. Mwaka 2014 Daniel Strömbom na wenzake waliwavika kondoo na mbwa mchungaji vyombo vya satelaiti, wakafuatilia mwendo wao, kisha wakatunga mbwa wa kompyuta. Mbwa huyo alihitaji amri mbili tu. Kondoo wakiwa wametawanyika, nenda nyuma ya aliye mbali zaidi umrudishe. Wakiwa wamekusanyika, kaa nyuma yao uwaswage. Kwa kubadilisha kati ya amri hizo, mbwa wa skrini alianza kwenda mshazari, kushoto na kulia nyuma ya kundi, kama mbwa wa kweli, ingawa hapana mtu aliyemfundisha kwenda hivyo.

Aliyewahi kuwatazama watoto wa Kiturkana wakichunga ataukubali mwendo huo mara moja. Mvulana huenda mshazari. Mbuzi, ambao hupenda majani ya vichaka, hutawanyika kila mmoja na kichaka chake. Kondoo, walao nyasi za chini, hushikamana. Mchungaji wa kundi la mchanganyiko hutumia kutulia kwa hawa kupunguza utundu wa wale. Walakini amri mbili za Strömbom zimesimama juu ya nguzo moja ambayo huku haitoshi, nayo ni hofu. Kondoo wa skrini humkimbia mbwa. Mbuzi wa Turkana hamkimbii mvulana. Anamjua. Mvulana hupiga mluzi, huita, hurusha kijiwe kikaanguka upande ambao hataki mbuzi aende. Naye anawajua: katika jamii hii mnyama hutambulika kwa rangi, mabaka, umbo la pembe na alama ya sikio, na mwanamume huimba nyimbo za kumsifu fahali wake mpendwa. Boidi wote ni sawa, na usawa huo ndio unaoiwezesha hesabu. Katika zizi la Turkana hapana wawili walio sawa. Mchungaji akirudi jioni hahesabu kwa namba peke yake. Huona ni nani asiyekuwapo.

Nadapal

Juu ya mbuzi na juu ya mvulana kuna uamuzi wa tatu. Nyasi zikiisha, watu wazima huketi chini ya mti na kujadiliana. Wapelelezi hutumwa kutazama malisho na maji. Familia zilizo katika kundi moja la malisho, liitwalo adakar, huweza kuhama pamoja kwa ajili ya usalama, au zikagawanyika, ngamia na mbuzi upande huu, ng'ombe upande ule wenye nyasi. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Katika hali kama hiyo uamuzi wa kuhama au kubaki huamua kama watoto watapata maziwa.

Upande wa pili wa Nadapal, kuelekea Narus na Kapoeta, wako Watoposa. Lugha yao na Kiturkana ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wasemaji huelewana kwa sehemu kubwa. Nao pia wana ng'ombe, nao pia hukosa mvua. Mpaka wenyewe umebishaniwa kwa muda mrefu, na wafugaji wa pande zote mbili wameuana kwa ajili ya mifugo, malisho na maji, silaha zikiwa ni bunduki. Kitabu cha J. Terrence McCabe kuhusu Waturkana, kilichotoka mwaka 2004, kimepewa jina lisemalo kwamba ng'ombe ndio wanaowapeleka watu kwa adui zao. Katika jina hilo swali la nani anamfuata nani limegeuzwa: mchungaji ndiye afuataye.

Jambo hili limeingizwa katika kompyuta. Nyanda za kusini mwa Turkana, walikoishi Wangisonyoka, zilichunguzwa tangu miaka ya 1980 na mradi wa wanasayansi waliopima nishati inavyotoka kwenye majani, ikaingia kwa mifugo, ikafika kwa watu. Kutokana na kazi hiyo Michael Coughenour alitunga uigaji wa nyika uliotumika baadaye mahali pengi. Mwaka 2010 William Kennedy na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani walitoa uigaji wa wafugaji wa pembetatu ya Mandera, pale Kenya, Somalia na Ethiopia zinapokutana. Katika skrini yao kila mhusika ni familia yenye mifugo. Nyasi huota na kuliwa, visima huwekwa au huondolewa, na wahusika wanaokutana penye uhaba huweza kupigana. Na tangu mwaka 2002 IGAD imekuwa na mfumo wa tahadhari ya migogoro, CEWARN, ambao tangu mwanzo ulilishughulikia eneo la Karamoja, ambamo Waturkana na Watoposa wamo.

Kazi hizi ni za thamani. Tahadhari ikitoka mapema, chakula cha mifugo chaweza kufika na wazee wa pande mbili waweza kukutanishwa kabla ya makundi kukaribiana. Hatari iko kwingine, nayo Kiswahili chenyewe kinaibeba. Tunapowataja wafugaji twasema wanahamahama. Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili mara nyingi hupunguza kusudi la tendo: kuzunguka kuna mwisho, kuzungukazunguka hakuna; kutanga kukirudiwa huwa kutangatanga, neno la mtu asiye na shughuli. Kwa hiyo lugha imekwisha kumfanya mfugaji boidi kabla kompyuta haijawashwa. Afisa anayetazama ramani yenye nukta zinazosogea kuelekea Nadapal, naye amelelewa na neno hilo, ataona nukta zinazofuata majani. Atafikiria kuzizuia. Hataona kwamba kila nukta ilitanguliwa na kikao chini ya mti, mpelelezi aliyetembea siku mbili, na pengine ujumbe uliopelekwa kwa mkwe au rafiki wa upande wa pili kuomba ruhusa. Ruhusa ya kulisha ni tendo la maneno, na tendo la maneno halionekani kwenye picha ya satelaiti.

Mwanafunzi anaweza kulijaribu hilo mwenyewe. Afungue mfano wa kundi katika NetLogo, achore mstari katikati ya uwanja, na aweke nyasi upande mmoja tu. Kisha aongeze amri moja: baadhi ya wahusika wauone mstari, wengine wasiuone. Kundi litaanza kuraruka pale mstarini, walio wachache wakivutwa na wengi kwa amri ya tatu, na itabidi mtunzi aamue ni nguvu gani aipe amri ya kusimama ikilinganishwa na ile ya kutoachwa nyuma. Namba hiyo haimo katika kitabu chochote. Hutofautiana kwa mwaka wa mvua na mwaka wa njaa, kwa kundi lenye wakwe ng'ambo na lisilo nao, na kwa mvulana aliyefiwa na kaka yake mahali hapo.

Wanaoijua ni wachungaji wa Lokichoggio na Narus, na wanaijua kwa maneno. Kiturkana na Kitoposa vina msamiati wa kuita kundi, kulisimamisha, kuligeuza na kulipitisha usiku, na sehemu kubwa ya msamiati huo yapaswa kufanana kwa kuwa lugha ni ndugu. Mluzi wa kusimamisha mbuzi ukisikika ng'ambo ya mpaka huenda ukaeleweka na mbuzi wa pale. Kuukusanya msamiati huo kutoka pande zote mbili, pamoja na namna ya kuomba malisho na namna ya kukataa bila kutukana, ni kazi ya uwandani ambayo mwanafunzi wa isimu au wa fasihi simulizi anaiweza kuliko mtunga programu, na yafaa ianzwe wakati wa mvua, watu wakiwa na nafasi ya kuketi.